Msaada Usio na Mwombaji

Mama Fusae alipokuja kuniuliza serikali hurudishiwa zawadi kwa fundo gani, nilidhani ameanza kunywa asubuhi. Ana baa yake kule kwenye kichochoro cha nyuma ya stesheni, na mume wangu, Kihachi Igarashi, ndiye aliyemuuzia sake, pombe yetu ya mchele, tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi za kweli. “Mama” ni jina la kazi tu, mtoto hana. Alikaa dukani kwetu mbele ya jiko la mafuta ya taa, barakoa imeshuka kidevuni, akaweka bahasha nene juu ya kreti tupu la bia.

“Dada Sadae, wameniletea tena,” alisema, kama mtu aliyeletewa wito wa mahakamani.

Walikuwa wamemletea pesa za msaada. Mwaka ule wa ugonjwa, ofisi ya mji iliagiza mabaa na mikahawa yote ifunge saa mbili usiku, saa ambayo baa ndiyo kwanza hufunguka, na kila aliyefunga alilipwa kwa kila siku, kiasi kilekile kwa kila mlango. Mgahawa mkubwa wa kando ya mto, wenye wapishi na wahudumu chungu nzima, ulihesabiwa mlango mmoja. Baa ya Mama Fusae, ambayo mteja wa ndani akitaka kwenda chooni lazima wengine wote wasimame, nayo ni mlango mmoja. Mgahawa ulipunguza watu huku unalia. Mama Fusae alikuwa hajapata kushika pesa nyingi namna ile tangu aanze kumimina pombe, na alikuwa amezipata kwa kukaa nyumbani na paka.

“Silali,” alisema. “Nikipita sokoni naona kila mtu anajua. Jana nimenunua ngisi mzuri, nikamficha chini ya kabichi.”

“Sasa unataka nini, Mama?”

“Nataka kurudisha nusu.”

Hilo nililielewa. Kwetu ukipewa zawadi unarudisha ya thamani ya nusu, ndipo unaweza kumtazama mtu machoni. Shida yake ilikuwa kamba inayofungiwa bahasha ya zawadi. Fundo la kipepeo, lile linalofunguka ukivuta, ni la mambo unayoomba yarudi, kama kuzaliwa mtoto. Fundo la kukaza ni la mambo yasiyotakiwa kurudi, kama kulazwa hospitali.

“Nikifunga la kipepeo, ni kama naomba ugonjwa urudi nilipwe tena,” alisema. “Nikikaza, ni kama nawaambia msaada wao ni mkosi.”

“Kaza. Ugonjwa hukazwa.”

“Haya. Nimpelekee nani sasa? Serikali ina mlango lakini haina mtu.”

Hapo ulimi wangu ukaniponza. “Si umpelekee Chizuru? Yeye ndiye kauandika huo msaada wenu.”

Nilikuwa natania. Nilikuwa na kinyongo pia, na utani wa mtu mwenye kinyongo ni kisu ndani ya kitambaa. Chizuru ni binti yetu, afisa wa idara ya biashara pale ofisi ya mji, na ni kweli alikuwa mmoja wa walioandika utaratibu ule. Ni kweli pia kwamba utaratibu ule haukutupa sisi hata senti. Duka la pombe halikuagizwa kufunga, kwa hiyo halikulipwa. Lakini wateja wetu wote ni mabaa, na mabaa yamelipwa yasifungue. Ukiliangalia vizuri, walikuwa wamelipwa wasinunue kwetu.

Kihachi alikuwa ameshauza gari dogo la kupelekea mizigo. Kila jioni bado alipita kichochoroni kwa miguu, anasalimia milango ya nyuma, anauliza afya za watu, mikono mitupu. Nilimwambia anajitia aibu. Alinijibu kwamba akiacha kupita, wao ndio watakaoona aibu, watadhani amekasirika. Duka lilianzishwa na babu yake. Alikuwa ameniambia, akiwa amenipa kisogo, kwamba theluji ikiisha atarudisha leseni.

Basi Mama Fusae alikunywa chai yake, akanishukuru, akaenda zake. Sikumfikiria tena mpaka jioni, Chizuru alipoingia na koti lake na viatu vyenye theluji mpaka kwenye ngazi ya ndani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu akiwa mtoto.

“Mama, ni wewe uliyemtuma Mama Fusae?”

“Kafika?”

“Kafika. Kasimama katikati ya ukumbi, kainama mpaka kiuno kikalia, halafu akasema kwa ile sauti yake ya karaoke, ‘Nimeleta nusu ya Chizuru.’ Watu wamejaa. Na bahasha anaiinua juu kwa mikono miwili.”

Kihachi alipaliwa na chai. Mimi nilicheka. Ningeweza kujizuia, lakini sikujizuia.

“Cheka, Mama. Bosi kaniita ndani akafunga mlango. Kaniuliza kwa upole kama huwa nagawana pesa na wanaolipwa. Ungeusikia ule upole wake, usingecheka.”

“Si ungemwambia ni mila tu, bibi wa watu hajui.”

“Nimemwambia. Kasema anaelewa, ila niandike maelezo. Anaelewa, ila niandike. Na wenzangu wote wamekaza macho kwenye kompyuta, hakuna anayenitazama.” Alikaa chini bila kuvua koti. “Halafu kinachoniuma zaidi, hujui nilivyojilinda. Hujui nilichofanya ili watu wasije kusema hilo hilo.”

“Ulifanya nini?” aliuliza Kihachi.

Aliangalia chupa kwenye rafu kana kwamba anazisoma. Kisha akasema. Utaratibu ulipoandikwa mara ya kwanza, kulikuwa na maneno mengine baada ya “mabaa na mikahawa”. Yalisema “na wanaowauzia”. Mwenzake ndiye aliyeyaweka. Chizuru ndiye aliyeomba yafutwe.

“Kwa nini?” nilisema.

“Kwa sababu baba ni muuza pombe.”

“Kuna mtu alisema kitu?”

“Hapana.”

“Kuna mtu alikutazama vibaya?”

“Hapana, Mama. Niliwahi mimi. Nilisema fedha hazitoshi, tuanze na walioagizwa kufunga. Wakakubali. Bosi akanisifu kwamba napanga vizuri.”

Nilimtazama Kihachi nikingoja aseme neno. Alikuwa anatafuna figili ya chumvi, polepole, upande wa meno mazuri.

“Umefanya vizuri,” alisema. “Ungetuweka, ningekosa pa kuweka uso wangu.”

Chizuru aliinamisha kichwa, na mimi nikawaka. Niliwaambia wote wawili kwamba wamerogwa. Niliwauliza kama samaki wa Murakoshi walikuwa ndugu zetu, na barafu ya mama Hosaka, na taulo za mzee Nezu. Wote hao waliuzia mabaa, wote walikuwa wanakufa njaa na tai shingoni, kwa sababu binti yangu aliogopa jirani atasema nini. Kihachi aliniambia nipunguze sauti, ukuta ni wa mbao. Hata katika hilo alifikiria majirani.

Jumapili iliyofuata mzee Nezu alikuja kuaga.

Nezu ndiye aliyekodisha taulo za mikono kwa kila baa ya mji huu. Zile taulo za moto unazopewa ukikaa, uzikunjue, ujifute, useme “ahh” kama mtu aliyeokolewa, zilifuliwa na kukunjwa kwenye banda lake la kando ya reli, yeye na mkewe na wanawake kadhaa wa mtaa. Mabaa yakifungwa, hakuna mikono ya kufuta. Alikuja amevaa suti, mkononi ana mfuko wa karatasi, ndani mna taulo mpya zenye jina la biashara yake. Zawadi ya kufunga duka. Mtu anafilisika, na bado anazunguka nyumba kwa nyumba kugawa.

Chizuru alikuwepo, amekuja kunisaidia kuondoa theluji paani. Ndani ya jumba hili ni mimi peke yangu ninayepanda ngazi bila kulalamika, lakini siku ile nilifurahi kupata mtu. Alipomwona Nezu alitaka kujipenyeza jikoni. Nezu alimwahi.

“Chizuru, nilitaka nikukute,” alisema, akainama, kichwa chenye upara kikaja usawa wa tumbo lake. “Nyinyi kule ofisini hamlali kwa ajili yetu. Mama Fusae kaniambia wewe ndiye ulihangaika kuliko wote. Ahsante sana, mwanangu. Sisi yetu haikuwezekana, lakini mabaa yamepona, na mabaa yakipona mji umepona.”

Chizuru alikuwa ameshika koleo la theluji. Aliliegemeza ukutani, likateleza, likaanguka, hakuna aliyeliokota.

“Mzee Nezu,” alisema, “mlikuwemo. Ni mimi niliyewatoa.”

“Eti?”

“Kwenye andiko. Wanaowauzia mabaa walikuwemo. Niliomba mtolewe. Nisingependa watu waseme nampa baba yangu.”

Nilitamani Nezu apige kelele. Ningempisha apige, ningemletea hata kigoda. Alisimama tu pale mlangoni, mfuko mkononi, na nikaona maneno yakimwingia polepole kama maji kwenye soksi. Kisha akatabasamu. Alitabasamu ili kumsitiri.

“Ah,” alisema. “Ilikuwa lazima, ilikuwa lazima. Mwaka huu theluji ni nzito, eh? Mzee Igarashi, hilo paa lako mlisafishe kabla ya jioni, kunakuja nyingine.”

Akatukabidhi taulo, akainama tena, akaondoka. Kihachi alimsindikiza hadi barabarani, na wote wawili wakasimama wanazungumza habari za theluji. Chizuru alikaa chini kwenye ngazi, uso amefunika kwa taulo mpya. Sikumbembeleza. Nilidhani namwadhibu, lakini nadhani nilikuwa naogopa ataniuliza nani alimfundisha kuogopa watu.

Kesho yake alifanya jambo ambalo sikutegemea. Alikuja kutueleza akiwa amesimama, kama mwanafunzi.

“Kuna msaada wa pili unaandaliwa,” alisema. “Safari hii hakuna kupima kwa mlango. Ule ulikuwa upuuzi wa nguo saizi moja, mwembamba inamvuka, mnene haimpiti shingoni. Kila mtu atapimwa kwa alichopoteza, mwaka huu kwa mwaka jana. Na wanaowauzia mabaa wamo. Nimeandika mwenyewe.”

“Na bosi?” niliuliza.

“Nimesimama kwenye kikao nikasema mbele ya wote: baba yangu ni muuza pombe, na hili likipita atafaidika. Anayeona vibaya aseme.”

“Wakasema?”

“Kwenye kikao? Hakuna. Walisema baadaye, kwenye korido.” Alimeza mate. “Nimewasikia. Nimepita katikati yao.”

Kihachi alikuwa anafuta chupa ambayo haikuwa na vumbi. “Waweke wote,” alisema. “Nezu umweke. Mimi nitoe.”

“Siwezi kukutoa, Baba. Utaratibu hauandikwi majina ya watu.”

“Basi sitaomba. Duka naweza kulifunga bila msaada wa mtu, kufunga hakuhitaji hela.”

Nilimpa Chizuru figili za kupeleka kwake.

Msaada wa pili ulifunguliwa theluji ikiwa bado nyingi. Dirisha la nne, ukumbi wa chini, mpaka mwisho wa mwezi. Gazeti la mji liliandika, redio ilitangaza, matangazo yalibandikwa stesheni. Na hakwenda mtu. Wiki ikapita, Chizuru akawa anakonda. Aliniambia yule msichana wa dirisha la nne anachora maua kwenye karatasi siku nzima. Mwezi ukiisha hivyo, alisema, fedha zitarudishwa, na itaandikwa kwamba wauzaji hawakuwa na shida. Hakumwambia baba yake. Aliniambia mimi, na kwa namna alivyoniambia nilijua hataki nimwambie, na anataka nimwambie.

Nilikwenda kwa Murakoshi kununua samaki. Zamani barafu yake ilijaa mpaka pembeni, sasa makreli kadhaa walilala pale wametazama juu kama wagonjwa kwenye wodi. Murakoshi ana mdomo mchafu kuliko mtu yeyote sokoni, nami humpenda kwa hilo.

“Mbona hamuendi dirishani?” nilimuuliza. “Mnataka mpelekewe kwa machela?”

“Mumeo kaenda?”

“Mume wangu ana ukaidi wake.”

“Basi na mimi ninao wangu.” Alimpiga makreli kichwa kwa kisu. “Sikiliza, mama Igarashi. Binti yake ndiye kaandika. Yeye ndiye anajua mle ndani kuna nini. Na yeye haendi. Sasa kama mwenye chungu hali, mimi mpita njia nitakuwa nani, nitie mkono? Watu wanasema mzee Igarashi ni mwanamume. Anakufa kimya. Na sisi tutajikaza hivyohivyo.”

“Mtajikaza mpaka lini?”

“Mpaka tukauke. Makreli wawili?”

Nilirudi nyumbani na makreli wangu, na hasira ilinipandisha kilima bila kuteleza. Kihachi alikuwa nje anasukuma theluji kutoka mlangoni pa duka ambalo haliingiwi na mtu. Nilimwambia palepale, barabarani, na sikupunguza sauti.

“Baba Chizuru, unajua kwa nini dirisha halina mtu?”

“Ndani, ndani,” alisema.

“Hapahapa. Wanakungoja wewe. Murakoshi anakungoja wewe. Hosaka anakungoja. Umewafungia mlango kwa heshima yako, na umeukalia kwa matako.”

“Sadae.”

“Mficha uchi hazai. Binti yako kavuliwa nguo mbele ya ofisi nzima kwa ajili ya mlango huo, kavuka katikati ya watu wanamsema. Wewe unashindwa kuvuka barabara? Kama unaona aibu, ona. Hiyo aibu hatuna pa kuipeleka, lazima mtu aibebe. Umemwachia mtoto.”

Alisimama na koleo lake. Nilitaka anijibu, nilikuwa na maneno mengine yamejipanga. Aliendelea kusukuma theluji mpaka akafika mlangoni kwa jirani, akasukuma na ya jirani. Usiku ule makreli waliliwa baridi.

Asubuhi alishuka amevaa aproni ya dukani, ile nzito ya buluu yenye jina letu kifuani kwa herufi nyeupe. Nilidhani amepata oda.

“Twende,” alisema.

“Na aproni?”

“Naenda kuombea duka. Duka ndilo linakwenda.”

Ukumbi wa ofisi ya mji ulikuwa umejaa kuliko nilivyotarajia. Murakoshi alikuwepo, amekaa karibu na dirisha la maji. Mama Hosaka wa barafu naye alikuwepo, na fundi wa majokofu, na mwenye bustani ya mboga anayeuza liki kwa mabaa ya kuku wa kuchoma. Wote walikuwa wamekuja kulipa maji. Sijawahi kuona mji unalipa maji kwa bidii namna ile. Kila mmoja ana karatasi mkononi, na kila mmoja jicho lake la pembeni liko dirisha la nne, ambako msichana alikuwa anachora ua.

Kihachi alitembea moja kwa moja. Chizuru, nyuma kabisa kwenye meza yake, aliinua kichwa akamwona. Hakuruhusiwa kumhudumia, na hakusogea.

Sasa kumbukeni mwaka ule kila dirisha lilikuwa na plastiki, na kila mdomo una barakoa. Hakuna siri inayopita pale. Unachotaka kunong’ona lazima ukipige yowe.

“Karibu mzee. Jina la biashara?”

Alisema.

“Samahani, sisikii.”

“Duka la pombe la Igarashi,” alisema Kihachi, na vichwa vikageuka.

“Asante. Mauzo ya mwezi uliopita?”

Alisema kitu ndani ya barakoa.

“Sauti tafadhali, mzee. Hii plastiki.”

“Hakuna.”

“Haku... mauzo ya mwezi mzima, mzee, siyo ya jana.”

“Nimesema hakuna,” alisema Kihachi kwa sauti yote aliyokuwa nayo. “Mwezi mzima sikuuza kitu. Tunakula akiba, na akiba imekwisha. Naomba mnisaidie.”

Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana. Sikuwahi kumsikia akisema neno “naomba” kwa mtu asiyekuwa mteja. Masikio yake yaligeuka mekundu mpaka kwenye shingo. Msichana aliacha kalamu. Na hapo Murakoshi, kwa sababu mdomo wake haujui msiba na harusi, akasema kutoka kwenye kiti chake, siyo kwa sauti kubwa lakini kila mtu alisikia:

“Binti anapika, baba anakula.”

Mtu mmoja alicheka kidogo. Kule nyuma Chizuru alisimama. Aliinama kuelekea kwa baba yake, kuinama kurefu, kule tunakowainamia watu tuliowakosea, na akabaki hivyohivyo mbele ya ofisi nzima.

Kihachi aligeuka. “Ndiyo,” alimwambia Murakoshi. “Anapika, na mimi nakula. Chungu ni kikubwa. Wewe unakaa hapo na bakuli umelificha mgongoni mpaka lini?”

Murakoshi aliitazama karatasi yake ya maji, akaikunja ikawa ndogo, akaitia mfukoni. Ilimchukua muda kuinuka, kama mtu mwenye ganzi. Alikuja akasimama nyuma ya Kihachi bila kumtazama. Kisha mama Hosaka akaja, barakoa ameipandisha karibu na macho. Msichana akaomba kalamu nyingine kutoka dirisha la jirani.

Ningependa kuishia hapo. Ni mahali pazuri, na mji unapenda kuisimulia ikiishia hapo. Duka letu bado liko wazi. Nezu alikuwa ameshauza mashine zake kabla ya dirisha kufunguliwa, anafanya kazi ya ulinzi kwenye maegesho, na tukipita hutusalimia kwa furaha kiasi kwamba Chizuru huzunguka njia ya mbali.

Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu, Kihachi mbele, mimi nyuma, kwa sababu njia iliyosafishwa ilikuwa nyembamba. Theluji ilikuwa imeanza tena. Nilijisikia mshindi. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli ilikuwa imefanya kazi.

“Baba Chizuru,” nilimwambia mgongo wake, “umefanya vizuri. Hakuna aibu yoyote.”

Alikung’uta theluji begani.

“Maji tulishalipa,” alisema.

Nilitazama mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika karatasi ya foleni ya dirisha la maji. Aliposema “hakuna” kwa sauti ile, miguu yangu ilikuwa imeondoka yenyewe kutoka ubavuni mwake, imekwenda upande wa pili wa ukumbi, na mkono wangu ukavuta namba, ili asiyetujua asidhani niko naye. Nami nilidhani hakuniona. Niliikunja ile karatasi, nikatafuta mfuko wa koti, na tukaendelea kutembea.